Thumuni ya Mjane: Somo Juu ya Gharama za Kugawanya Mirathi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika masomo yaliyopita tulisoma mafungu ya warithi: nani apata nusu, nani apata robo, nani apata thumuni, na nani humzuilia mwenziwe asirithi. Wanafunzi wetu, walhamdulillahi, wengi wao sasa waweza kuigawanya mali kwa hesabu bila ya kufungua kitabu. Lakini liko jambo moja ambalo hesabu hizo hazilionyeshi, nalo ni ile mali ipoteayo baina ya siku anayokufa mtu na siku ambayo mrithi alitia fungu lake mkononi. Somo letu la leo ni juu ya mali hiyo: yapotelea wapi, ipi katika hiyo yapotea kwa haki na ipi kwa dhulma, na nani apasiwa kuilipa.

Lililotutia katika somo hili ni mama mmoja aliyetujia baada ya sala ya Isha, ameshika mfuko uliojaa karatasi. Mumewe alikuwa amekufa miaka kumi na mine iliyopita, naye ameacha nyumba. Mwisho wa mambo nyumba ile iliuzwa, na fedha zilizomfikia yule mama hazikutosha hata kumlipia kodi ya chumba kwa miezi sita. Akatuambia: "Sheikh, mimi nimesomeshwa tangu utotoni kwamba mke mwenye watoto ana thumuni. Nyumba nimeiona ikiuzwa, na bei yake nimeisikia. Basi thumuni yangu imekwenda wapi?"

Tulikaa naye siku mbili tukizipanga zile karatasi. Na jambo lililotushangaza ni kwamba ada ya mahakama, ambayo kila mtu huilaumu, ilikuwa ndiyo ndogo kabisa kuliko zote. Yaliyokula mali ni mengine. Basi natuyatazame moja moja.

HAKI ZILIZO JUU YA MALI YA MAITI

Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, amewathibitishia wanaume fungu na wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, ikiwa ni kidogo au kingi, nalo ni fungu lililofaradhiwa. Kisha katika aya ya 11 na ya 12 akayabainisha mafungu yenyewe, na kila mara akakariri ya kwamba hayo ni baada ya wasia na baada ya deni. Basi mrithi hana lake mpaka haki zilizomtangulia ziishe. Na haki hizo, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, hupangwa hivi:

Kwanza, haki zilizofungamana na mali yenyewe, kama zaka iliyowajibika katika mali hiyo, au kitu kilichowekwa rehani.

Pili, gharama za kumtengeza maiti: kuoshwa, kukafiniwa, kuchukuliwa na kuzikwa, kwa kadiri ya wastani, bila ya ubakhili na bila ya israfu.

Tatu, madeni yaliyo juu ya dhima yake, na katika hayo ni mahari ya mkewe ikiwa hajamlipa.

Nne, wasia wake, usiozidi thuluthi ya kilichobaki, wala usiwe wa kumpa mrithi ila wakiridhia warithi wengine.

Tano, ndipo waja warithi.

Tazameni sana hilo la pili. Kilichotajwa ni maziko. Hakikutajwa chakula cha watu, wala turubai la siku saba, wala arobaini, wala mwaka. Katika karatasi za yule mama, za mwanzo kabisa zilikuwa ni stakabadhi za mchele, na mbuzi, na samli, na kodi ya viti, na yote hayo yamelipwa kwa fedha zilizokutwa katika sanduku la maiti. Na maiti ameacha watoto wawili wadogo! Mtume, rehema na amani zimfikie, alipofikiwa na habari ya kufa kwa Jaafar bin Abi Talib, aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa wao wana la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza amri ile: wafiwa ndio wawapikiao majirani, na mali ni ya mayatima. Mwenye kutaka kumtolea sadaka babake na atoe katika fungu lake mwenyewe, naye awe ni mtu mzima mwenye akili zake. Ama kutoa katika mali ya mtoto mdogo, hakuna awezaye kuihalalisha, hata mama mzazi. Na aya ya 10 ya sura ile ile yatosha kumtisha mwenye moyo, kwani humo alaye mali ya mayatima kwa dhulma ameambiwa kuwa ala moto.

Basi hiyo ndiyo hasara ya kwanza, nayo hutokea kabla hajajulikana kadhi wala wakili.

GHARAMA ZA MAHAKAMANI

Baadhi ya ndugu husema: "Kwa nini twende mahakamani? Sisi ni Waislamu, mafungu yetu yamo ndani ya Kurani, tugawane nyumbani yaishe." Neno hili lina haki ndani yake na lina kosa.

Haki yake ni kwamba mafungu hayangoji mtu kuyatunga. Sheria ya Mirathi ya Kenya ilitungwa katika mwaka wa 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na hapo mwanzo ilitaka kutukusanya sote chini ya hukumu zake. Waislamu wakalalamika, mpaka katika mwaka wa 1990 ikarekebishwa, na sasa mali ya Muislamu hurithiwa kwa sharia ya Kiislamu. Na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 170, imezithibitisha Mahakama za Kadhi kuhukumu mambo ya hali ya mtu, na ndoa, na talaka, na mirathi, maadamu pande zote ni Waislamu nao wamekubali kuhukumiwa huko.

Ama kosa lake ni hili: kujua fungu ni jambo moja, na kulifikia ni jambo jingine. Benki haitoi fedha za maiti kwa kusomewa aya, wala ofisi ya ardhi haibadili jina katika hati kwa ushahidi wa majirani. Na ile sehemu ya saba ya Sheria ya Mirathi, ambayo ni ya usimamizi wa mali, yatuhusu na sisi Waislamu pale isipopingana na sharia yetu. Humo, katika kifungu cha 45, mtu aingiliaye mali ya maiti bila ya kuwa na idhini afanya kosa, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 10,000 au kifungo cha mwaka mmoja au yote mawili. Basi mgawanyo wa nyumbani, hata ukiwa wa haki, huiacha nyumba katika jina la aliyekufa. Haiuziki kwa bei yake, haiwekiki rehani, wala wajukuu hawatajua ni ya nani.

Na lau mtu atasema kwamba karatasi hizi ni mambo ya Wazungu, twamjibu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni aya ya kuamrisha kuandika. Karatasi ni njia tu ya kumfikishia mtu haki yake.

Sasa, ni gharama zipi zilizomo katika njia hiyo? Iko cheti cha kifo. Iko barua ya chifu ya kuwataja warithi. Iko ada ya kufungua shauri. Ombi la usimamizi linapopelekwa katika mahakama za serikali, hutangazwa, na watu hupewa muda usiopungua siku 30 wa kutoa pingamizi, na kwa kawaida idhini haithibitishwi mpaka ipite miezi 6. Yuko mthamini wa nyumba, ikihitajiwa bei yake. Ziko kodi za kiwanja zilizolimbikizana, ambazo maiti hakuzilipa katika uhai wake. Iko ada ya ofisi ya ardhi. Na yuko wakili, kwa mwenye kumtaka, kwani hakuna sheria imlazimishayo mtu kuwa na wakili. Mtu aweza kusimama mwenyewe mbele ya Kadhi na kusema lake kwa Kiswahili. Ama ile kodi ya urithi iliyokuwa ikichukuliwa na Serikali zamani, hiyo iliondolewa katika mwaka wa 1982, na asimdanganye mtu yeyote kwamba yalipwa mpaka leo.

Ukizikusanya gharama hizi, na warithi wote wakawa wamoja, utaziona kuwa ni za kuvumilika. Lakini mmoja wao akikataa, mambo yote yabadilika. Akisema hakubali kuhukumiwa na Kadhi, shauri laweza kwenda Mahakama Kuu. Akitoa pingamizi, miezi yageuka miaka. Kila upande washika wakili wake, na kila siku ya kesi ina nauli yake na malipo yake. Hapo ndipo nyumba inapoliwa matofali.

NANI ALIPE?

Suala hili wanafunzi wengi hawalijui, ijapokuwa wanavyuoni wetu wamelisema wazi. Imamu Nawawi katika Minhaji, kwenye mlango wa kugawanya, ameeleza kwamba ujira wa mgawanyaji ni juu ya Baitulmali. Ikiwa haiko, basi ni juu ya washirika wenyewe. Na ikiwa kila mmoja hakujitajia kiasi chake, ujira ule hugawanywa kwa kadiri ya mafungu, na iko kauli nyingine dhaifu ya kwamba hugawanywa kwa vichwa. Na sisi hatuna Baitulmali ya kutulipia, basi gharama ya kugawanya ni juu ya warithi kwa kadiri ya mafungu yao. Nayo sheria ya nchi, katika kifungu cha 83, yamwamuru msimamizi alipe kutoka katika mali ya maiti gharama za maziko ya wastani, na gharama za kupata idhini, na gharama nyingine za usimamizi zilizo za maana. Na zikitolewa katika mali kabla ya kugawanywa, kila mrithi huwa amechangia kwa kadiri ya fungu lake. Basi katika jambo hili njia mbili hizi zafika mahali pamoja.

Natupige mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, na wana wawili wanaume, na mabinti watatu. Mke ana thumuni, yaani fungu moja katika mafungu 8. Yabaki mafungu 7 kwa watoto, mwanamume kwa hesabu ya wanawake wawili. Basi kila mwana apata mafungu 2, na kila binti fungu 1. Yote ni 8 sawasawa. Nyumba yao thamani yake ni shilingi 8,000,000, na gharama za kuisimamia na kuigawanya zimefika shilingi 240,000.

Kwa kadiri ya mafungu, kila fungu moja labeba shilingi 30,000. Mama atoa 30,000, kila binti 30,000, na kila mwana 60,000, kwa kuwa naye ndiye apataye maradufu. Ama kwa vichwa, watu 6 kila mmoja angetoa 40,000. Mama na mabinti wangezidishiwa 10,000 kila mmoja, na wana wangepunguziwa 20,000 kila mmoja. Sasa tazama desturi yetu: kaka mkubwa huwaita ndugu zake akasema, "Tuchange sawasawa, sisi sote ni ndugu." Maneno ni mazuri, lakini siku ya kuchukua hasemi tuchukue sawasawa. Basi apataye mafungu mawili na abebe mzigo wa mafungu mawili.

Na haya ni katika gharama zilizo kwa manufaa ya wote. Ama mrithi aliyemshika wakili ili amtetee yeye peke yake juu ya nduguze, ujira wa wakili huyo ni juu yake, wala haumgusi yatima wala mjane. Mwenye kuzuia haki kwa ukaidi, naye aijua, gharama alizowatia wenziwe ni dhulma iliyo shingoni mwake, na mahakama nazo zina uwezo wa kumhukumu mwenye kushindwa alipe gharama za mwenziwe. Na msimamizi aliyetumia bila ya hisabu na alipe alichotumia. Huyo ni mwenye kuwekwa amana, na sheria yamdai atoe orodha ya mali na hisabu kamili ndani ya miezi 6 tangu kupewa idhini.

Katika karatasi za yule mama tulikuta mawakili wawili. Mmoja alishikwa na mtoto mkubwa, na wa pili akashikwa na ndugu yake ili kumpinga. Wote wawili walilipwa kutoka katika bei ya nyumba, kabla ya kugawanywa. Basi yule mama, ambaye hakugombana na mtu, amelipa thumuni ya ugomvi wote, na wale watoto wadogo wamelipa pamoja naye.

GHARAMA ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Ndugu zetu, iko gharama nyingine isiyo na stakabadhi, nayo ni kuchelewa.

Turudi katika mfano wetu. Tuseme chini ya nyumba ile yako maduka yaletayo kodi ya shilingi 24,000 kila mwezi, na kaka mkubwa ndiye aipokeaye, akisema kwamba mambo ya mirathi yatazamwe baadaye, maana maiti bado hajakauka kaburini. Thumuni ya mama katika kodi hiyo ni shilingi 3,000 kila mwezi. Miaka kumi ikipita, imekuwa shilingi 360,000. Tulisema fungu lake katika gharama za kugawanya ni 30,000. Basi kwa kuogopa gharama moja, mama amepoteza mara kumi na mbili yake! Wala kodi hiyo si zawadi ya kaka. Tangu dakika aliyokata roho baba, kila mrithi amemiliki fungu lake baada ya haki zilizotangulia, na pato la kila fungu ni la mwenyewe.

Na kuchelewa kuna ila ya pili, nayo ni ile waliyoiita wanavyuoni munasakha: mrithi kufa kabla ya kugawanywa mali. Tuseme mwana mmoja amekufa, ameacha mke, na mama yake aliye hai, na mwana mmoja na binti mmoja. Yale mafungu yake 2 yaingia katika hesabu mpya: mama yake apata sudusi, mkewe thumuni, na kilichobaki ni cha watoto wake, mwana mara mbili ya binti, na ndugu zake hawapati kitu kwa kuwa yuko mwana. Ukitaka kuzikusanya hesabu mbili hizi bila ya kuvunjika fungu, yale mafungu 8 yawa mafungu 288. Mama ana 48, mwana aliyebaki ana 72, mabinti watatu kila mmoja ana 36, mke wa mwana aliyekufa ana 9, mwanawe ana 34, na bintiye ana 17. Wanafunzi na wazijumlishe wenyewe wahakikishe.

Hiyo ni kwa kifo kimoja tu. Je, nyumba ambayo hati yake ingali katika jina la babu wa babu? Ziko nyumba za namna hiyo katika miji yetu, warithi wake wametapakaa Lamu, na Malindi, na Unguja, na Maskati, na wengine hawajui kama wana fungu. Kwanza kila kifo chataka cheti chake, na warithi wake, na sahihi zao. Kisha mrithi akiwa mtoto mdogo, hapo sheria haimpi mtu mmoja peke yake usimamizi wa mali isiyo na wasia, ila akiwa ni Mdhamini wa Serikali au shirika la amana. Ndipo wanapoona warithi kwamba gharama zashinda fungu, wakaiacha nyumba ikaanguka, au akaiuza mjanja mmoja kwa karatasi za uongo.

Na hapa pwani liko jambo jingine, nalo ni nyumba ya mtu kusimama juu ya kiwanja cha mwingine, akawa hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Tirka ya mwenye nyumba huyo ni nyumba, kiwanja si chake. Stakabadhi zake za kodi zikipotea, na warithi wakaacha kulipa kwa kuwa bado wagombana, waweza kupoteza hata zile kuta. Basi kodi hiyo na ilipwe kwanza, kwa ushirika, kabla ya ugomvi wowote.

LA KUFANYA KATIKA UHAI

Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, katika hadithi ya Ibn Umar, ya kwamba haimpasi Muislamu aliye na kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Wengi wetu twaogopa kuandika wasia tukadhani kwamba twajiita kifo. Kifo chaja hata kwa asiye na kalamu.

Basi kila mmoja wetu na aandike: mali yake ni ipi na iko wapi, adaiwa na nani na amdai nani, mahari ya mkewe amelipa au hajalipa, ni kitu gani katika duka ni chake na kipi ni cha mshirika wake. Na aandike kwa mashahidi, karatasi moja ikae nyumbani na nyingine kwa mtu mwaminifu. Roho ya muumini, kama ilivyokuja katika hadithi, hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe, basi asiwaache warithi wakibishana kama deni liko au haliko.

Na atengeneze hati zake. Ikiwa nyumba aliirithi kwa babake nayo bado iko katika jina la babake, na aimalize mirathi ile kabla hajawaachia watoto mirathi mbili.

Na mwenye kutaka kumpa mtu zawadi na ampe akiwa na afya yake, amkabidhi, na awe mwadilifu baina ya watoto wake. Ama kuwaandikia wana wa kiume nyumba kwa siri ili mabinti wasirithi, kisha hilo likaitwa kukwepa gharama za mahakama, hiyo ni hila. Huko si kukwepa mahakama. Ni kuahirisha kesi mpaka mbele ya Hakimu asiyehitaji mashahidi.

LA KUFANYA BAADA YA KIFO

Maziko yakiisha, warithi wote na wakae pamoja, wanaume na wanawake, wala asifichwe mke mdogo wala mtoto aliye safarini. Orodha ya mali na madeni iandikwe siku hiyo hiyo. Wasimamizi wachaguliwe wawili, na twaona ni vizuri mmoja wao awe katika wale wenye mafungu madogo, mama au binti, kwani apataye kidogo ndiye achungaye zaidi. Wende kwa Kadhi mapema, wakiwa wamekubaliana. Wakihitaji wakili, awe mmoja kwa wote, na ujira wake uandikwe kabla hajaanza kazi. Kila shilingi itokayo iwe na stakabadhi, na kila kodi iingiayo igawanywe kwa mafungu au iwekwe katika hisabu ya pamoja. Na wakitofautiana, sulhu ni bora, kwa sharti kwamba mtu mzima aweza kusamehe haki yake mwenyewe, wala hawezi kusamehe haki ya mtoto mdogo.

Tulimwambia yule mama yote haya, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Haya mngalituambia siku ya matanga, mlipokuwa mmekaa pale mkisoma." Hatukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu asema kweli. Sisi masheikh huitwa katika nyumba ya maiti siku ya kwanza, tukasoma, tukaomba dua, tukala, tukaondoka. Hatuulizi kama iko deni, hatuulizi kama wako mayatima, wala hatuulizi wali ule umetoka katika mali ya nani. Lau tungaliuliza maswali matatu hayo katika kila nyumba, mali nyingi ya wajane ingalisalimika.

Basi tumekubaliana katika darasa letu ya kwamba, kuanzia sasa, yeyote katika sisi aitwaye penye msiba atayauliza maswali hayo kabla ya kunyosha mkono wake katika sahani. Na wasomaji wetu twawaomba nao watuulize sisi, pale watuonapo tumesahau.

Wazee wetu walikuwa wakiita nusu shilingi thumuni. Thumuni aliyoiandika Mwenyezi Mungu kwa mjane si ile ya mfukoni, basi tusimrudishe nyumbani nayo. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, awalinde mayatima wao, na atujaalie tuwe wenye kufikisha amana kwa wenyewe. Amin.